Komeo la Ghala la Kahawa

Jumatatu, 15 Juni 1953

Daftari hili nilipewa na Sista Margreth siku niliyomaliza shule ya misheni. Aliniambia niandike ndani yake mambo yenye faida. Nikakosa jambo la faida kwa miaka miwili, daftari likabaki chini ya kitanda na mende wakalionja pembeni. Leo nimelitoa kwa sababu nimeanza kazi, na nimerudi nyumbani na hofu ambayo sina wa kumwambia.

Kazi yenyewe ni nzuri kuliko nilivyostahili. Ni katika ghala la kahawa hapa Ihembe, mali ya tajiri anayekaa Bukoba ambaye huonekana mara moja tu kwa msimu. Wanawake ishirini na wawili wanakaa ndani juu ya mikeka wakichambua: punje nyeusi huku, zilizovunjika kule, mawe kando. Mimi nakaa barazani, nina meza, kalamu na wino, naandika majina ya walioingia na waliotoka. Karani. Mama amelitamka neno hilo mara nne tangu jioni.

Nimeipata kwa damu ya baba. Nyapara wa ghala ni Rwegasira, mnywani wa baba yangu Melkiory. Kabla mimi sijazaliwa walichanjana karibu na kitovu, kila mmoja akameza punje ya kahawa yenye damu ya mwenzake. Mapadri hawapendi habari hizo na baba hazitaji karibu na kanisa, lakini hakuna asiyezijua. Mnywani wako hutakiwi kumdhuru wala kumnyima kitu, na mtoto wake ni mtoto wako. Anayevunja, tumbo humvimba mpaka afe. Kwa hiyo Rwegasira namwita baba na nampigia magoti kama ninavyompigia baba.

Sasa hofu yangu. Wanawake walipokwisha kuingia, Rwegasira alishusha komeo mlangoni, kwa nje. Ni mti mzima uliochongwa, unakaa juu ya vyuma viwili. Alisema ni ili kahawa isitembee, maana msimu uliopita ilitoka ikiwa imefungwa kwenye vitambaa. Madirisha ni mawili, yako juu, yana nondo. Mlango haukufunguliwa mpaka saa sita. Meza yangu iko hatua mbili kutoka kwenye komeo, na asubuhi nzima sikuweza kuligeuzia mgongo.

Jumatano, 17 Juni

Vumbi. Wino unakauka kabla jina halijaisha.

Ijumaa, 19 Juni

Naanza kuwajua. Kubwa lao ni Kokwijuka, mjane kutoka Igurwa, ambaye msimu huu analala kwa dada yake hapa Ihembe. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mdogo wao ni Pulkeria, ana mtoto wa miezi minne. Watoto hawaruhusiwi ndani, kwa hiyo huyo wake anabaki migombani na bibi Xaveria, kikongwe wa jirani. Akilia, mama yake anamwimbia kutoka ndani. Mimi katikati nawasikia wote wawili, na mlango umefungwa.

Nimemuuliza baba kama ghala nyingine nazo hufungwa. Akasema, "Wewe andika majina."

Jumanne, 30 Juni

Moto wa kwanza mlimani. Wafugaji wameanza kuchoma nyasi ili mvua ikija ng'ombe wapate majani mapya. Kila kiangazi wanachoma na kila kiangazi nimeutazama moto huo kama mapambo. Mwaka huu nautazama nikihesabu vilima vilivyobaki kati yake na sisi. Vimebaki vitano.

Alhamisi, 2 Julai

Saa sita wakati wa kula Kokwijuka alikuja kukaa karibu na meza yangu na kiazi chake. Hakunitazama. Alisema, "Binti Melkiory, nyuma ya ghala kuna rundo la maganda ya kahawa limefika dirishani. Cheche moja tu."

Nikasema nimeliona.

"Kwa Rwegasira wewe ni mtoto. Sisi tukisema, ni kelele. Mwambie aondoe komeo. Kama anaogopa wizi, atupekue tukitoka, aweke mwanamke wa kutupekua. Hatukatai kupekuliwa. Tunakataa kufungiwa."

Nikamuuliza mbona hawaachi kazi. Alicheka. "Tukiacha leo, kesho wataletwa wengine. Wanawake hawakosekani."

Nimeahidi.

Ijumaa, 3 Julai

Nimeharibu.

Nilimngoja Rwegasira asubuhi, kabla hajashusha komeo. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikasema maneno ya Kokwijuka yote kama nilivyoyakariri, ingawa kwa sauti ndogo. Wanawake walikuwa wamekaa mlangoni wakisikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika, na hilo ndilo lililonipumbaza. Kisha akatoa kifuko chake cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa, akanifungulia kiganjani. "Tafuna, mwanangu."

Nani anakataa kahawa ya mzee? Tangu nikiwa mdogo nimefundishwa kupokea kwa mikono miwili. Nikapokea, nikatafuna. Naye akatafuna yake, akatabasamu, akanyanyuka na kushusha komeo.

Ndipo nikaelewa. Watu wenye neno baina yao wakitafuna kahawa pamoja, neno limekwisha. Nimelitafuna neno la wanawake ishirini na wawili mbele ya macho yao.

Saa sita Kokwijuka alipita mezani. "Ilikuwa tamu?" akauliza, akaenda zake.

Jumatatu, 6 Julai

Hakuna aliyeniamkia zaidi ya bibi Xaveria, ambaye haoni vizuri.

Jumanne, 14 Julai

Moshi. Vilima vitatu.

Jumatatu, 20 Julai

Nilimwambia Rwegasira kwamba rundo la maganda liko karibu mno na ukuta. Akasema, "Karani wa majina, majina." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua la kufanya, nafikiri. Hapana, nisijidanganye, nisingejua.

Jumamosi, 25 Julai

Gozbert ndiye anayepima mizigo kwenye mizani. Ni kijana mwenye heshima, na anapenda kusimama karibu na meza yangu akijifanya anatazama mwandiko. Jana nilimlalamikia habari za maganda. Leo alimwambia Rwegasira maneno yaleyale, hata kwa mpangilio wangu. Rwegasira akamgonga begani, akasema, "Hilo ni neno la mwanamume." Wakaitwa wapagazi wawili, wakahamisha nusu ya rundo, mvua ya sifa ikamnyeshea Gozbert mpaka jioni.

Akaja kunishukuru. Nilikasirika. Nusu ya rundo imehama, nusu ipo, na ndiyo nimekuwa nikiifikiria.

Jumapili, 2 Agosti

Padri alihubiri juu ya moto wa milele. Nilitoka nje kabla hajamaliza nikamdanganya mama kwamba nasikia kichefuchefu.

Alhamisi, 6 Agosti

Nitaandika yote. Nitaandika usiku huu, maana kesho nitaanza kutafuta visingizio.

Upepo ulivuma tangu asubuhi kutoka upande wa moto. Kilima cha mwisho kilikuwa kinawaka. Saa tatu hivi Rwegasira aliitwa kwa jirani aliyekuwa amefungua pombe yake ya rubisi, akaenda. Gozbert alikuwa chini barabarani anapokea mizigo. Barazani nilikuwa peke yangu, na komeo limeshuka.

Majivu yalianza kuanguka juu ya karatasi, nikawa nayapuliza. Kisha nikasikia maganda yakitatarika nyuma ya ghala. Nilipozunguka nikaona rundo linafuka, kisha nikaona ulimi wa moto. Moshi wa maganda ya kahawa ni mzito, unauma koo. Ulikuwa unapanda ukutani na kuingia dirishani moja kwa moja.

Wakaanza kukohoa. Wakaanza kuniita kwa jina: Eugenia, Eugenia. Halafu sauti ya Kokwijuka ikazizidi zote: "Binti Melkiory, nyanyua tu. Nyanyua."

Niliweka mikono yote miwili kwenye komeo. Ni zito, lakini ningeweza. Nasema kweli mbele ya Mungu, ningeweza. Nikalisikia limesogea. Ndipo likanijia swali: nani amekuambia ufungue? Nikaachia. Nikakimbia kwenda kuomba ruhusa.

Nilikimbia kupita migombani mpaka kwa yule jirani. Rwegasira alikuwa amekaa na wazee watatu, mrija mdomoni, kibuyu mapajani. Nikapiga magoti. Nikasema, "Shikamoo, baba." Alikuwa katikati ya hadithi yake, hakujibu mara moja. Nami nikangoja. Nilipiga magoti pale kifua kikinipanda na kushuka, nikingoja kuitikiwa.

Akamaliza hadithi, wazee wakacheka. "Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, baba," nikasema. "Ila ghala linaungua."

Tuliporudi, Gozbert alikuwa amefika kabla yetu na mlango uko wazi. Wanawake walikuwa wamelala chini kwenye majani wakitapika. Kuta ni za udongo, hazikushika moto, maganda ndiyo yaliyoungua. Hakuna aliyekufa. Pulkeria alikuwa amekaa na mtoto wake lakini hakuweza kumshika, alimwegemeza tu kwenye viwiko. Kule ndani alikuwa amechimba mlango kwa vidole. Kucha tatu hazipo.

Ijumaa, 7 Agosti

Kazi hakuna leo. Mama alinikanda maji ya moto akasema nimshukuru Mungu sikuwa ndani. Baba akasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Alitaka kunifariji. Mimi nasikia tu "Nzuri, baba." Naisikia hata nikimenya ndizi.

Nilikwenda kwa Pulkeria na kikapu cha maharage. Alinikaribisha vizuri, na hilo liliuma zaidi. Vidole amefungwa vitambaa. Nikamwambia ningeweza kulinyanyua. Akasema, "Najua. Nililisikia likisogea."

Jumatatu, 10 Agosti

Kikao cha wazee juu ya moto ule kilifanyika uwanjani kwa Rwegasira. Wanaume saba kwenye viti. Wanawake wa ghala waliruhusiwa kukaa kwenye majani kando ya migomba, umbali ambao mtu anaona midomo ikicheza bila kusikia neno. Mimi peke yangu nilikuwa karibu, kwa sababu karani lazima aandike. Nilikaa mkekani na daftari la ghala.

Wanawake walikuwa wamempa Gozbert neno lao alichukue. Neno lilikuwa moja: komeo liondoke. Kabla ya kikao walimfanya alirudie mara tatu. Basi akasimama, akakohoa, akasema kwa heshima nyingi kwamba wanawake wana hofu na wanaomba wazee wafikirie usalama wao. Nikainua kichwa. Sijui kama aliogopa au aliona hivyo ndivyo wanaume wanavyozungumza. Nafikiri alidhani ametusaidia.

Wazee wakafikiria usalama. Mmoja akasema wanawake hupiga kelele hata kwa panya. Mwingine akasema kosa la siku ile ni kwamba komeo liliachwa bila mwanamume wa kulisimamia. Rwegasira alisema inamuuma, nami namwamini, macho yake yalikuwa mekundu. Kisha wakakata shauri. Kwa kuwa komeo linaweza kunyanyuliwa na yeyote, litawekwa kufuli. Funguo ziwe mbili, moja ya Rwegasira na moja ya Gozbert, ili mmoja asipokuwapo mwingine awepo.

Kufuli! Nilidhani sikusikia vizuri. Mdomo wangu ulifunguka, na wanaume saba wakanitazama, nikafunga mdomo nikachovya kalamu.

"Andika," Rwegasira akasema. "Wanawake wameelezwa, nao wameridhika."

Nikaandika. Mzee mmoja akalichukua daftari akalishika kichwa chini miguu juu, akausifu mwandiko.

Njiani Kokwijuka alinisubiri. "Umeandika nini pale mwisho?"

"Kwamba mmeridhika."

Tulitembea hatua nyingi. "Kwa mwandiko mzuri?"

"Mzuri, mama."

"Haya. Hata hilo si haba."

Jumatatu, 17 Agosti

Kufuli limefika. Jipya, linang'aa, lina mafuta. Rwegasira ameufunga ufunguo kiunoni. Gozbert ana wake, ananionyesha kama pete. Leo alikwenda nao barabarani saa mbili nzima na Rwegasira alikuwa amekwenda kwa fundi. Saa mbili nzima hapakuwa na ufunguo ghalani. Sikuandika jina hata moja.

Jumanne, 18 Agosti

Mlima wa upande wa pili sasa nao unawaka. Sijala kitu.

Jumatano, 19 Agosti

Leo nilifanya jambo. Sikulipanga. Kama ningelipanga ningeogopa.

Asubuhi moshi ulikuwa chini, jua limekuwa jekundu. Wanawake waliingia mmoja mmoja nikiandika. Pulkeria aliingia wa mwisho, amerudi kazini na vitambaa vidoleni. Aliponipita alitazama ule mlango upande wa ndani, pale penye alama za kucha. Rwegasira akaja na kufuli mkononi. Nikaweka kalamu. Nikainuka, nikampita, nikaingia ndani, nikakaa mkekani kando ya Pulkeria.

Alidhani nimefuata kitu. "Toka, mwanangu, nifunge."

Nikasema, "Funga, baba. Mimi nimo."

"Kazi yako iko nje."

"Funga na mimi nikiwa ndani. Mimi ni mtoto wa Melkiory. Moto ukija, utajua mwenyewe utamwambia nini mnywani wako."

Nilipiga magoti palepale juu ya mkeka, maana sikuwa na ujasiri wa kusema naye nimekaa, na kwa magoti hayo nikaendelea kumtazama usoni, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mzee yeyote. Niliona mkono wake mmoja umekwenda tumboni, karibu na kitovu. Sidhani kama alijua.

"Baba yako amekutuma?"

"Hajui."

"Unajua unacheza na nini?"

"Najua. Naogopa, baba. Lakini siku ile niliogopa nje, na wewe uliona." Nikaanza kulia hapo, wala sikuona haya. "Funga basi, kama unaweza."

Alisimama na lile kufuli mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Nilifikiri atanipiga. Nilifikiri pia atafunga, na sikujua ningefanya nini akifunga. Hatimaye alisema maneno haya, nayaandika kama yalivyo:

"Kaa humo, basi. Ukiwamo, sifungi. Siku usipokuwamo, nafunga. Na meza nitampa mwingine, maana karani hakai mkekani."

Kokwijuka akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Na tupekuliwe tukitoka, baba, na bibi Xaveria. Kahawa yako isitembee."

Rwegasira akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono ndani ya kifuko chake, akatoa punje ya kahawa, akanipa. Nikamtazama Kokwijuka kwanza. Akasema, "Sasa tafuna."

Meza amepewa mpwa wa Gozbert. Mwandiko wake unalala chali.

Alhamisi, 20 Agosti

Rwegasira alimfikia baba kabla yangu. Baba hakunipiga, na nilitamani anipige. Alisema, "Damu yangu na ya Rwegasira ni neno la wanaume wawili. Wewe umeitoa tumboni mwangu ukaitandika mlangoni mwa ghala, ikanyagwe na kila mwanamke." Akanyamaza. Tangu hapo hajasema nami neno. Akitaka chumvi anamwambia mama, "Mwambie mwanao alete chumvi," nami nimekaa kando yake.

Jumatatu, 24 Agosti

Mgongo unauma, macho yanauma. Kokwijuka anasema nachambua kama mtu anayesoma barua ya mahari. Mlango uko wazi, Rwegasira ameweka kiti chake palepale anatutazama mchana kutwa. Pulkeria alitoka mara mbili kunyonyesha.

Ijumaa, 28 Agosti

Mama amenishauri nimwombe baba msamaha. Nimekwenda, nimepiga magoti. Aliinuka akaenda kutazama migomba.

Jumanne, 1 Septemba

Baridi mwilini. Sisemi kitu. Nimekunywa majani machungu ya mama nikamwambia ni kikohozi.

Jumatano, 2 Septemba

Homa. Nimekwenda hivyohivyo. Kokwijuka aliniegemeza ukutani, akaweka ungo mapajani mwangu, nao wakachambua fungu langu. Rwegasira aliniona. Alilitazama kufuli lililoning'inia kwenye msumari. Moshi ulikuwa mwingi leo kuliko siku zote. Ninachoogopa sasa si moto tu, naogopa miguu yangu.

Ijumaa, 4 Septemba

Jana sikuandika, na nusu ya haya nimesimuliwa.

Jana alfajiri nilisimama nikaanguka. Nikasimama tena, mama akanirudisha kitandani akanikalia miguuni. Nilimwambia atawafungia, mama, atawafungia. Nilipiga kelele, inasemekana, mpaka majirani wakaja. Baba alikuwa mlangoni anafunga kamba ya jembe. Alinitazama, akaliweka jembe chini, akatoka. Nilijua amekwenda shambani. Nikalia mpaka usingizi ukanichukua, na katika usingizi nilikuwa napiga magoti mbele ya mtu anayesimulia hadithi isiyoisha.

Jioni jua halijazama akaja Pulkeria, mtoto mgongoni. Nikamuuliza ilikuwaje walipofungiwa.

"Hatukufungiwa," akasema.

"Nani aliingia?"

Akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa vile vidole vyake visivyo na kucha. Baba alifika saa moja, amevaa koti lake la kanisani. Alimwamkia Rwegasira kama kawaida yao, wakaulizana habari za ng'ombe na za nyumbani. Kisha akavua viatu, akaingia, akauliza mkeka wa Eugenia ni upi, akakaa. Wanawake hawakujua watazame wapi. Wapagazi walikuja kuchungulia mlangoni wakicheka, kwamba mzee Melkiory ameolewa ghalani. Hakuinua kichwa. Rwegasira alisimama mlangoni na kufuli, akamtazama mnywani wake aliyekaa kati ya wanawake na ungo mapajani. Halafu akalitundika kufuli msumarini akarudi kwenye kiti. Wakakaa hivyo siku nzima, mmoja ndani na mmoja nje.

"Anachambuaje?" nikauliza.

"Vibaya sana, waitu. Mama Kokwijuka amerudia ungo wake wote."

Leo asubuhi homa imeshuka kidogo lakini miguu bado haina nguvu. Nimesikia baba akitafuta lile koti. Kabla hajatoka amekuja akasimama karibu na kitanda changu, amenipa mgongo, anafunga vifungo. Ni siku ya kumi na tano tangu aliponyamaza.

"Zile nyeusi," akasema, "mnazitambuaje upesi hivyo? Macho yangu yamezeeka."

Nikamwambia azitandaze kwanza, asizitazame moja moja.

"Nizitandaze," akasema, akatoka.